Thomson wa katoni, mezani kwangu

Nikisema nanunua samaki kwa katoni, watu hudhani nimefungua malewa. Sijafungua. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Katuba, Lubumbashi. Nyumbani tuko sita, tuna friza moja ya kufungukia juu, na tunapenda thomson kuliko nyama. Huwa naenda kununua kule kule wanakonunua mama wa malewa, na sababu yangu kubwa si bei. Bei inasaidia, sikatai. Lakini hata kama kilo ya katoni na kilo ya meza ya muuzaji wa rejareja zingelingana hadi franka ya mwisho, bado ningechukua katoni.

Kwa msomaji aliye mbali na Katanga: malewa ni mgahawa wa mama mmoja, mbabula (majiko ya makaa) tatu na benchi mbili, na ndiko mji huu unakolia chakula cha mchana. Thomson ni samaki wa bahari, wa ukoo wa kolekole, mwenye mgongo wa kijivu unaoelekea kijani na tumbo la kung'aa. Tuna samaki wa Kasenga kutoka Luapula na ziwa Mweru, tuna kapenta, na wote wana heshima yao. Ila sufuria ya siku za kazi, katika nyumba nyingi za hapa, ni ya thomson.

Sasa fuata safari yake. Wengi wanaofika kwetu wanavuliwa bahari ya Namibia. Wanagandishwa mapema sana, mara nyingi ndani ya meli yenyewe, wanapangwa kwenye katoni na kupakiwa kwenye malori ya baridi kule Walvis Bay. Lori linakata Namibia hadi Katima Mulilo, linavuka Zambezi kwenye daraja lililofunguliwa 2004, linapita Livingstone na Lusaka, linapanda hadi Copperbelt, linakaa foleni mpakani Kasumbalesa, kisha linamaliza kilomita 90 hivi zilizobaki kuingia Lubumbashi. Ni zaidi ya kilomita 2,000, na njia nzima yule samaki anatakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuna watu wamelipia mafuta, mashine na usiku wa kukesha mpakani ili baridi hiyo isikatike.

Halafu inakatikia wapi? Hapa kwetu, mita mia chache kutoka mlango wangu. Mama anayeuza rejareja anabeba katoni yake alfajiri kutoka depo, yaani ghala la samaki wa kugandishwa, anaivunja, anapanga samaki juu ya meza. Saa tano jua limeshawafikia. Wale waliobaki jioni wanalala kwenye friza ya mtu kwa malipo kidogo, na kesho yake wanarudi mezani. Simlaumu hata kidogo. Hana friza, hana barafu, na anauza samaki wawili kwa mtu mwenye hela ya samaki wawili, jambo ambalo depo haiwezi kumfanyia mtu huyo. Lakini samaki aliyeyeyuka, akaganda, akayeyuka tena, nyama yake inakuwa kama pamba iliyolowa. Ukimkaanga anaachia maji, anashika kwenye kikaango, anavunjika. Unakula chumvi na pilipili, samaki humsikii.

Tena si ladha peke yake. Samaki wa aina hii akikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza ndani ya nyama yake kitu kinachoitwa histamini. Pua yako inaweza isikuambie chochote, na moto wa kikaango hauiondoi. Mtu anakula, muda mfupi baadaye uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Hapo familia inatangaza kwamba fulani ana aleji ya thomson, na tangu siku hiyo anapikiwa maharage pembeni. Aleji ya samaki ipo, na mwenye nayo asijaribu bahati. Ila wapo waliokatazwa samaki huyu maisha yao yote wakati tatizo huenda lilikuwa joto alilopitia siku ile.

Kwa hiyo ninaponunua katoni, ninachonunua ni ile baridi. Nataka safari iliyoanza Walvis Bay iishie kwenye friza yangu, si kwenye meza yenye jua.

Haya nimeyakuta kwa mama yangu. Aliendesha malewa karibu na soko la Kenya (Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi, wasomaji wa Nairobi wasishangae), na mimi na dada zangu tulikua tukibeba vitu vya ukubwa wa mgahawa. Mama hakuwahi kununua samaki bila kuona katoni ikifunguliwa mbele yake. Mpaka leo najua mama wa malewa mzuri kwa jinsi anavyosimama depo: habebeshwi, anauliza, anainama, anatazama.

Nami nafanya hivyo hivyo. Naenda asubuhi mapema, kabla mlango wa chambre froide, chumba cha baridi, haujaanza kufunguliwa na kufungwa kila dakika. Kijana wa pale ananijua.

“Mama, leo kuko 20+ tu.”

“Fungula nione, papa.”

Hiyo namba ni urefu wa samaki kwa sentimita. 20+ ni wale wa kuanzia sentimita 20, 25+ ni wakubwa zaidi, na chini yake kuna 18+ na 16+. Malewa nyingi zinapenda 20+ kwa sababu samaki mmoja anatosha sahani moja, hakuna kukata, hakuna mteja anayelalamika kwamba jirani amepewa upande wenye nyama. Nyumbani si lazima ufuate hesabu hiyo. Mimi nikipata 25+ nafurahi: nyama nene, miiba rahisi kwa watoto.

Kwanza natazama katoni yenyewe. Karatasi iwe kavu na ngumu. Ikiwa na madoa ya maji yaliyokauka, au kona moja imelegea na kuganda tena ikiwa imepinda, ujue mahali fulani njiani baridi ilikatika. Kisha ndani. Samaki aliyegandishwa mara moja amenyooka, amelala kama alivyopangwa, na jicho lake bado limejaa. Aliyeyeyuka huwa amekunjamana, amebanwa na wenzake, tumbo limepasuka, jicho limezama. Nikiona theluji nyingi imejaa kwenye kona za mfuko wa plastiki wa ndani, nasita. Nikiona barafu ya rangi ya damu imeganda chini, narudisha kifuniko na kuaga. Wakati mwingine kijana anasema “beko bazuri, mama, beba tu”, namjibu kwamba naamini, nitarudi siku nyingine. Hakuna haja ya ugomvi. Depo inayokuruhusu kufungua ndiyo ya kurudia.

Katoni ninayochukua ni ya kilo 30, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa: kilo 30 nitazipeleka wapi? Sisi tumelimaliza swali hilo kwa likelemba, yaani upatu. Wanawake watano wa mtaa mmoja, kila mmoja kilo 6. Likelemba ya hela kila mtu anaijua. Yetu ni ya chakula. Tunachanga, mmoja anakwenda depo, anachukua taksi moja moja kwa moja hadi nyumbani, na wengine wanne wanakuwa wameshamngoja uani na mabeseni. Sharti letu moja ni kutochelewa. Asiyekuwepo taksi ikishafika, mgao wake unaingia kwenye friza yangu na anakuja kuchukua jioni, lakini hatumsubiri samaki wakiwa nje.

Kupiga zile barafu kwa nyundo tuliacha siku nyingi, maana unavunja samaki kumi ili kumpata mmoja. Tunaiweka katoni mahali pa kivuli, juu ya sakafu ya saruji iliyooshwa, tunaiacha mpaka safu ya juu ianze kulegea. Hapo unaingiza kisu butu kati ya samaki na samaki, unazungusha kidogo mkono, na wanaachana kwa sauti kavu, kak, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado wagumu kabisa ndani. Hapo kwenye ugumu ndipo penye siri ya kazi yote. Samaki ambaye bado ana barafu ndani yake unaweza kumrudisha kwenye friza bila wasiwasi. Aliyelegea kabisa, apikwe siku hiyo. Miezi ya kipwa, Juni na Julai, asubuhi ya Lubumbashi ina baridi inayotuhurumia na tunafanya kazi taratibu. Oktoba hakuna mazungumzo, ni mikono tu.

Nyumbani natia samaki sita katika kila mfuko, wamelala safu moja, natoa hewa kwa kiganja, naandika tarehe. Mfuko wa bapa unaganda haraka na kuyeyuka haraka. Asubuhi ya siku ya kupika nahamishia mfuko mmoja kwenye friji, au kwenye beseni la maji baridi mfuko ukiwa umefungwa. Na sipitishi miezi mitatu. Thomson ana mafuta, na mafuta hayo hata kwenye barafu huanza kuchacha polepole.

Najua swali linalofuata, kwa sababu sisi wote ni watoto wa SNEL, shirika letu la umeme. Umeme ukikatika? Friza iliyojaa, usipoifungua, inashika baridi hadi saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu kwangu ni adui. Nazijaza kwa chupa za plastiki zenye maji, bila kuyafikisha shingoni, maana maji yakiganda yanatanuka. Umeme ukikata, friza inafungwa kwa kamba, na kamba hiyo inajulikana hadi na mtoto wa mwisho. Ukirudi baada ya siku moja, samaki hawajajua kitu. Ukipita siku mbili, tunafungua, tunagusa, na walioanza kulegea wanaingia kikaangoni siku hiyo hiyo. Mtu ambaye kwao umeme unapotea wiki nzima, namwambia waziwazi asinunue kilo 6. Achangie kilo 2, apike, amalize.

Sasa kupika, sehemu ninayoipenda zaidi. Ukimshika thomson utaona mstari mgumu unaopita ubavuni hadi mkiani, magamba magumu yaliyopangana, yenye ncha. Malewa za haraka zinauacha, nawe unautema mezani. Nyumbani kuna muda: anzia mkiani, laza kisu, kata kwa kusukuma kuelekea kichwani, na mstari wote unatoka kama utepe. Ngozi inabaki laini na inakaangika vizuri mno. Nampasua tumbo, natoa matamvua mekundu yale ya kupumulia na ule utando mweusi wa tumboni, ambao ndio unaoleta uchungu. Namchanja mara tatu kila upande. Chumvi, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, ndimu. Nusu saa. Halafu, na hapa mama yangu hakuwa na msamaha, namfuta kwa kitambaa mpaka akauke. Samaki mwenye maji hakaangiki, anachemka kwenye mafuta.

Mafuta yawe mengi na ya moto. Nachovya ncha ya mwiko, zikitoka povu ndogondogo za haraka yako tayari. Simgeuzi mpaka aachie kikaango mwenyewe. Na hapo unaona tofauti ya katoni: hatoi maji, hanati, ngozi inabaki nzima kutoka kichwa hadi mkia, na ukivunja, nyama inatoka kwa mabamba meupe yenye utamu wa bahari. Bahari yenyewe wengi wetu hatujawahi kuiona. Bukari (ugali wetu), matembele au sombe (kisamvu), pilipili, kitunguu kibichi kilichokatwa mwembamba. Vichwa siwagawii paka. Nakusanya mfuko mzima, navikaanga kidogo, natia nyanya na bilinganya, naacha vichemke polepole jioni yote. Mume wangu anaacha samaki akala vichwa.

Kutoka kwa samaki nilianza kuangalia vitu vingine vya wapishi, na si vyote vinastahili kuingia nyumbani.

Nyanya ya kopo la kilo 2.2, ile ya mikahawa, nainunua. Visacheti vidogo vya dukani vingine vina unga wa kuongeza uzito na rangi. Soma maandishi, lile linalosema nyanya na chumvi tu ndilo lako. Kopo likifunguliwa nyanya isibaki ndani yake hata usiku mmoja. Naikaanga yote kwa mafuta na moto mdogo mpaka igeuke rangi ya matofali na ukali uishe, inapoa, naigawa kwenye mifuko midogo, kila mmoja sufuria moja. Siku za kazi hilo ni jambo kubwa: natoka kwenye cherehani saa kumi na mbili, nusu ya mchuzi ikiwa imeshapikwa.

Hamira ya waoka mikate, pakiti ngumu ya gramu 500 isiyo na hewa, nayo naipenda. Ukiihamishia kwenye chupa yenye kifuniko na kuiweka kwenye friza inaishi miezi mingi, na vitumbula vya Jumapili vinaumuka sawasawa.

Unga wa mahindi nao tunagawana, gunia la kilo 25. Mama wa malewa wengi ninaowajua wanachukua ule wa Zambia wa roller, uliobaki na pumba kidogo, badala ya breakfast ulio mweupe na laini. Bukari yake ni nzito, ina harufu ya mahindi, na mtu anashiba. Nyumbani wengine wanaona ni unga wa maskini. Mimi naona ni unga wenye ladha. Kwa kuwa una mafuta ya mbegu, hauvumilii kukaa. Gunia zima kwa nyumba ya watu watatu ni hasara, kwa nyumba tano linaisha likiwa bado jipya. Na tukigawa gunia kwa meka (kopo la kupimia) moja moja mbele ya macho ya wote, hakuna maneno.

Mayai nanunua kwa tre ya 30, siendi hadi sanduku la 360. Mapaja ya kuku ya katoni ya kilo 10 ni ya sikukuu tu. Mayonezi ya ndoo, hapana. Ikifunguliwa inaanza mbio na wewe, na hakuna familia inayoshinda mbio hizo kwa afya. Viungo vya kilo, hapana kabisa. Bizari ya malewa inaisha kwa wiki, ya nyumbani itakaa mwaka, na baada ya miezi michache unatia vumbi la njano kwenye chakula. Kitu cha mgahawa kinafaa nyumbani kwa masharti mawili: kiwe kinaharibika kwa kuuzwa kidogokidogo, na uwe na watu au baridi ya kukishika. Nyanya na samaki vinapita. Bizari haipiti.

Kuhusu hela, kwa kuwa nitaulizwa tu: sitaandika bei hapa, zinafuata dola na zinafuata Kasumbalesa, na mpaka ukifungwa wiki moja mji mzima unajua. Njia yangu ya kulinganisha ni hii. Nabeba mizani ya kuning'iniza, napima samaki wa mezani ninaolipia, nagawa kwa kilo, halafu naweka pembeni ya kilo ya katoni. Wanawake wote wanne walioingia likelemba baada yangu niliwapa mizani, sikuwapa maneno.

Mwezi huu tuna mjadala. Wawili wanataka 20+ kwa ajili ya kuhesabu sahani, wawili wanataka 25+ kama mimi, na mmoja wao amesema tuache thomson mara moja tujaribu katoni ya makayabo, samaki wa chumvi, ambayo haidai friza kabisa. Nimependa wazo hilo. Makayabo analowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa mara mbili au tatu, anapikwa na matembele na nyanya ile niliyoikaanga. Alhamisi nitapita depo kuuliza kama wanakubali kufungua katoni ya makayabo pia kabla ya kulipa, maana chumvi inaficha mengi, na nataka kuona rangi: iwe nyeupe inayoelekea krimu, bila madoa ya waridi. Wakikataa, tutabaki na 25+.